Likipoa Linawaka: Historia Fupi ya Gari Kukosa Nguvu Njiani

Kabla fundi hajafungua boneti, kwanza atataka neno kutoka kwako. Ukimwambia gari ni mbovu atakutazama tu, spana mkononi, akingoja useme sawasawa. Imezima ama imechoka? Inakohoa? Inamisi? Haivuti? Ama inalia lakini haiendi?

Asiyejua atadhani haya ni maneno ya kupiga domo. Sivyo. Kila moja ni ugonjwa wake. Gari lililozima ghafla, pwaa, kama taa iliyokatwa stima, mara nyingi limekosa umeme wa kuwasha mafuta. Linalokohoa na kuchoka polepole linakufa njaa: mafuta hayafiki. Linalomisi limepoteza silinda moja, na mwendo wake ni kama wa mtu mwenye mwiba mguuni. Lisilovuta linanguruma vizuri likisimama, lakini ukiliomba nguvu halina. Hapo hewa haiingii vya kutosha ama moshi hautoki. Na lile linalolia bila kwenda, mshale wa mzunguko unapanda huku mwendo ukibaki palepale, injini yake ni nzima kabisa. Klachi ndiyo imeisha.

Nimekuwa nikiyakusanya maneno haya kwa miaka kadhaa, gereji hadi gereji, kuanzia Nakuru hadi Mombasa. Nilianza kwa sababu ya lugha, lakini nikajikuta katika historia. Habari za magari katika nchi yetu husimuliwa kupitia barabara zilizojengwa, matajiri waliomiliki na madereva walioshinda mbio. Ni nadra kusimuliwa kutoka kando ya barabara, pale gari limesimama boneti juu, matawi yamewekwa lami kuonya wanaokuja, na mtu mmoja ameinama ndani akisikiliza. Kutoka pale historia inaonekana tofauti. Lalamiko ni lilelile kwa miaka sabini na zaidi, bali kisababishi hubadilika kila kizazi cha magari. Na wale waliolazimika kukitafuta walijenga elimu ambayo hakuna shule iliyowafundisha.

Nyika

Tuanzie Taru. Njia ya zamani ya Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa ya vumbi, na ukishapita Mariakani na Mackinnon Road unaingia nyika isiyo na mto wala kivuli cha maana. Gari la petroli la miaka ya 1950 lilikuwa na kabureta juu ya injini na pampu ya mafuta imefungwa ubavuni mwa injini hiyohiyo. Joto la injini, joto la jua na upepo wa nyuma usiosaidia kupoza chochote vilikutana hapo.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzijoto thelathini na kitu tu. Sasa fikiria paipu nyembamba ya chuma inayopita kando ya injini inayotokota. Mafuta yaligeuka mvuke ndani ya paipu. Pampu ile iliundwa kusukuma kitu cha majimaji. Ikikutana na mvuke inaubana na kuuachia, inaubana na kuuachia, bila kupeleka kitu. Gari linakohoa mara tatu na kunyamaza. Tangi limejaa na betri ni nzima, lakini gari haliwaki.

Dawa ilikuwa kitambaa. Ukiwa na maji, unalowesha kitambaa na kukifunga kwenye pampu, unasubiri. Likipoa linawaka. Taniboi wa malori walilijua jambo hili bila kuambiwa na kitabu chochote. Taniboi ndiye aliyekuwa na kazi ya kuzungusha hendeli asubuhi, kuweka mawe nyuma ya magurudumu mlimani na kubeba debe la maji, na ndiye aliyekuwa na muda wa kutazama. Dereva hutazama barabara, utingo hutazama gari.

Mwezi Mei 1953 zilianzishwa mbio za magari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo zilizokuja kuitwa Safari Rally. Watu wengi hukumbuka vumbi na matope. Mimi naziona kama mtihani wa hadhara wa swali letu: gari lipi litakosa nguvu, wapi, na nani atajua kwa nini kabla muda haujamwishia? Siyo ajabu kwamba aliyetia fora alikuwa mtu wa spana. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi wa magari. Alishinda mwaka 1965, akiwa na kaka yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Gereji nyingi za mijini enzi zile zilikuwa za Wahindi, na miongoni mwao Makalasinga walikuwa na jina kubwa katika kazi ya chuma tangu siku za reli. Ndani ya gereji hizo kulikuwa na vijana Waafrika walioajiriwa kufagia, kuosha vyuma kwa petroli na kushika taa. Kushika taa ni shule. Unaona kila anachokigusa fundi na kwa mpangilio gani.

Mlima

Lipo kosa la nguvu ambalo si ubovu. Gari likitoka Mombasa kwenda bara linapanda kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, kama mita 1,700, na ukiendelea hadi Timboroa unapita mita 2,700. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hesabu hiyo, gari lililokuwa na nguvu za farasi mia Likoni limefika Timboroa na sabini na kitu. Robo nzima imebaki njiani, wala hakuna aliyeiiba.

Kabureta haikulijua hilo. Iliendelea kumimina mafuta kana kwamba bado iko baharini, hewa ikiwa pungufu, na matokeo yake ni moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi na injini inayolalamika kila kilima. Mafundi wa nyanda za juu walijifunza kubadilisha jeti, kile kitundu kidogo cha shaba kinachopima mafuta, waweke chembamba zaidi. Gari la Eldoret na gari la Malindi yangeweza kuwa ndugu wa kiwanda kimoja, mwaka mmoja, na bado yatofautiane kitundu.

Peugeot 404, iliyoshinda Safari mara nne kati ya 1963 na 1968, na mdogo wake 504, ndizo zilizobeba abiria wa masafa marefu katika barabara hizi kwa miaka mingi. Ndipo swali la pili la fundi lilipozaliwa, baada ya lile la neno: ilikuwa wapi ilipochoka? Kilima au tambarare? Asubuhi au saa nane mchana? Imebeba watu wangapi? Fundi hawezi kulipima gari kabla hajajua lilikuwa mahali gani. Hata leo ukimwuliza mtu swali hilo kwenye simu utaokoa nusu ya kazi.

Moto, mafuta, hewa, moshi

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyolieneza ulimwenguni jina la sekta isiyo rasmi. Wenyewe tulikuwa na jina letu: jua kali. Wale walioshika taa katika gereji za wengine walikuwa wametoka na kufungua zao chini ya mti, kando ya mto, pembeni mwa Barabara ya Grogan jijini Nairobi, ambayo sasa ni Kirinyaga lakini mafundi wengi bado wanaiita Grogan. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda, kazi hiyo ilikuwa na zaidi ya kizazi kimoja.

Katika uwanja huo bila paa ndipo utaratibu ulipokomaa. Nimeuona kwa mafundi wasiofahamiana, katika miji isiyo jirani, na ni uleule: moto, mafuta, hewa, moshi. Kwa mpangilio huo, kuanzia rahisi kukagua hadi ngumu.

Moto kwanza. Ung'oe waya wa plagi, uusogeze karibu na chuma cha injini, spanaboi apige stati. Cheche ya buluu inayolia tap-tap ni nzima; ya njano na nyembamba imechoka. Ndani ya distributa kulikuwa na pointi mbili zinazogusana na kuachana, mwanya wake sehemu ndogo ya milimita, na asiye na kipimo alitumia kipande cha pakiti ya sigara. Kando yake kulikuwa na kondensa, kakopo kadogo ambako kakianza kufa kanafanya kazi baridi na kugoma moto. Koili nayo hivyohivyo: waya wake wa ndani hupasuka kidogo, joto likitanua mwanya unafunguka, gari linazima. Unasukuma pembeni, unapiga soga nusu saa, likipoa linawaka. Dereva wa Taru na dereva wa Salgaa, miaka ishirini kati yao, wameona kitu kilekile. Mmoja alikosa mafuta, mwingine alikosa cheche. Kitambaa kilibaki kilekile, ila sasa fundi alikifunga kwenye koili. Likiwaka mara moja, mshtakiwa amejulikana.

Mafuta. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia fyuuu ya hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba, na pampu ilikuwa ikishindana na tangi lenyewe. Gari kama hilo hwenda kilomita ishirini vizuri kisha linachoka, ukisimama linapona. Wapo waliobadilisha pampu mbili kabla ya mtu kufungua kifuniko.

Hewa. Chujio lililojaa vumbi la Kajiado ni kama shuka usoni mwa mtu anayekimbia. Moshi mwisho: weka kiganja karibu na bomba la nyuma. Mpigo dhaifu, huku injini ikikataa kupanda mzunguko, maana yake njia ya kutokea imeziba.

Spanaboi hafundishwi utaratibu huu kwa maneno. Anatumwa. Leta ile. Shika hapa. Piga stati. Siku moja mzee hayupo, mteja amekuja, na kijana anajikuta amefuata mpangilio bila kujua ni wakati gani aliuweka kichwani. Baadhi yao baadaye walikwenda kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, wapate cheti cha kukithibitisha kile ambacho mikono yao ilikijua tayari.

Kilichomo tangini

Kwa muda mrefu mafuta yenyewe yaliaminika. Mtu alishuku pampu, paipu, chujio, lakini kilichotoka kwenye mtambo wa kusafishia wa Changamwe kilikuwa petroli, basi. Mambo mawili yaliivunja imani hiyo.

La kwanza ni risasi. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Miaka ya 1990, soko la Kenya lilipofunguliwa kwa magari yaliyotumika kutoka Japani, yalikuja na kitu kipya chini ya sakafu: mkebe wa kusafisha moshi, ambao ndani una vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Risasi hulipaka sega hilo na kuliua. Kenya iliendelea kuuza petroli ya risasi hadi mwisho wa 2005, kwa hiyo kwa miaka kumi na zaidi tuliingiza magari yaliyotengenezwa kwa mafuta ambayo hatukuwa nayo. Sega lililokufa, au lililoyeyuka kwa sababu injini ilimisi ikamwaga mafuta mabichi ndani yake, huziba. Gari halivuti, usiku unaona mkebe umewaka wekundu chini. Mafundi walijifunza kuupasua, kulitoa sega na kuufunga mkebe mtupu. Gari lilipata nguvu na mwenyewe akashukuru. Moshi tuliubaki nao sisi wa barabarani.

La pili ni mafuta ya taa. Yalikuwa na bei nafuu kwa sababu ni ya maskini, na unafuu huo ndio uliowavutia wachanganyaji. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na neno lake, kuchakachua, neno ambalo lilitoka vituo vya mafuta likaingia hadi katika mazungumzo ya uchaguzi. Petroli iliyochakachuliwa hugonga na kudhoofika mlimani. Dizeli iliyochakachuliwa haina ulaini wa kutosha, nayo hula pampu polepole. Fundi alidondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka bila alama, ya kuchanganywa huacha duara la mafuta. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kusiwe na faida ya kuchanganya. Bei ikapanda karibu na ya dizeli. Hapa ndipo historia ya injini inapoingia jikoni: gari la mtu lilikosa nguvu Rironi, na mama aliyewashia stovu Kibera akasaidia kulipia tiba.

Taa inayokonyeza

Magari yaleyale ya Japani yalileta kompyuta. Chini ya boneti ya Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo cheusi chenye matundu, na mawili kati yake yameandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kukonyeza. Mara mbili, kimya, mara tano: hiyo ni 25, hewa imezidi mafuta. Mara nne, kimya, mara moja: 41, sensa ya akselereta. Mafundi walihesabu mikonyezo kama watoto wanaocheza kibe. Orodha za namba zilinakiliwa kwa kalamu kwenye madaftari ya shule, zikapita mkono kwa mkono, nyingine zikiwa zimekosewa na kusahihishwa pembeni.

Asili ya kompyuta ile haikuwa kumsaidia fundi. Ilianzia Los Angeles, mji uliokuwa ukifunikwa na ukungu wa moshi uliochoma macho. Mapema miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo ulitokana na moshi wa magari na viwanda kupikwa na jua. California ikapambana, na miongo baadaye ikayaamuru magari mapya kuanzia modeli za 1988 yawe na mfumo wa kujikagua. Modeli za 1996, Marekani yote ikawa na mfumo mmoja, OBD-II, wenye plagi moja na misimbo inayofanana. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Ukilijua hilo, unaelewa tabia ya mashine. Iliwekwa kumshtaki anayechafua hewa. Ndiyo maana ina msimbo wa sega lililochoka, P0420, lakini breki iliyokwama ikivuta gurudumu nyuma, au klachi iliyoisha, inaweza isiache alama yoyote. Na hata inaposema, husema ilichokiona tu. P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko mafuta. Je, kuna hozi imepasuka inaingiza hewa ya wizi? Pampu ni dhaifu? Chujio la mafuta limeziba? Sensa ya hewa imeshika vumbi? Mashine haijui. Sensa iliyopeleka habari ndiyo hufukuzwa kazi, mteja ananunua nyingine, na wiki ijayo taa imerudi.

Halafu kuna sensa ya krenki, kidude kisichozidi kidole gumba, kinachoiambia kompyuta injini inazunguka na iko wapi. Ikiharibika, kompyuta haijui wakati wa kurusha cheche wala mafuta, kwa hiyo haifanyi lolote. Na hufa vipi? Kwa joto. Asubuhi ni nzima, gari linawaka kwa mguso mmoja. Baada ya saa moja ya msongamano wa Mombasa Road linazima, pwaa. Unaita mtu wa kuvuta, anachelewa, unajaribu tena. Likipoa linawaka. Msimbo, mara nyingine, haupo. Pampu za umeme zilizofichwa ndani ya tangi zina hadithi ileile: hupozwa na petroli inayozizunguka, na sisi tunaojaza ya mia tano kila asubuhi huziendesha zikiwa karibu kavu hadi zichoke.

Mara ya tatu, ya nne, sentensi moja. Fundi aliyekaa na sentensi hiyo miaka arobaini halazimiki kujifunza upya; anabadilisha tu mahali pa kufunga kitambaa.

Gari linapoamriwa

Lakini kuna jambo moja ambalo wazee wa kabureta hawakuwahi kulikuta, nalo ni gari linalokosa nguvu kwa sababu limeamriwa.

Februari 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda, mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo kwa magari ya abiria, kisizidi kilomita 80 kwa saa. Ghafla kukawa na kifaa ambacho kazi yake ni kunyima injini. Kikilegea waya au kikisoma mwendo vibaya, matatu inakatwa nguvu ikiwa kilomita 50, katikati ya kuovateki. Fundi aliyefuata moto, mafuta, hewa na moshi angezunguka siku nzima, kwa sababu vyote vinne vilikuwa vizima. Swali jipya likaongezwa kwenye orodha: kuna mtu amefunga kitu hapa?

Wakati uo huo dizeli zilibadilika. Pampu za zamani zilifungua nozeli kwa shinikizo la mia moja na kitu la angahewa. Mfumo mpya wa reli moja ya mafuta, uliotokea kwanza kwenye malori ya Japani mwaka 1995, unafanya kazi kwa zaidi ya elfu moja. Kwa shinikizo hilo chembe ya uchafu ni risasi ya bunduki. Kompyuta ikiona shinikizo limeshuka, P0087, hailizimi gari. Inalipunguzia nguvu, lichechemee hadi nyumbani bila kujiua.

Nilikuwa abiria siku moja, matatu ya kumi na wanne kutoka Nakuru kwenda Eldoret, tumepita Makutano tunapanda. Lori la mahindi mbele, lingine linakuja, dereva ametoka kulipita, na palepale injini ikanyong'onyea. Haikuzima. Ilikataa tu. Alirudi nyuma ya lori kwa nafasi ambayo sitaki kuipima, akawasha indiketa, akatoka lami.

"Dere, imekosa nini?" akauliza mama aliyekaa mbele.

"Haijakosa, mathe. Imejifunga."

Alizima swichi, akahesabu kimoyomoyo, akawasha. Ikaitika kama haikuwahi kuugua. Tukaendelea, na kilima kilichofuata ikajifunga tena. Abiria mmoja alisema ni majini ya Timboroa, watu wakacheka, lakini hakuna aliyekuwa na maelezo bora. Dereva alijua kufungua kifungo; sababu ya kufungwa hakuijua, na kila alipozima na kuwasha aliifuta dalili iliyopaswa kumfikisha kwa fundi.

Daftari

Hapo ndipo naona hatari ya wakati wetu. Fundi mzee ana mpangilio lakini mara nyingi hana mashine. Kijana ana mashine ya Bluetooth ya bei ya chakula cha mchana na programu kwenye simu, lakini hakushika taa ya mtu. Wakikaa gereji moja wanatisha. Wakikaa mbalimbali, mwenye gari analipia sensa baada ya sensa, na wapo wauzaji wanaong'oa balbu ya taa ya injini ili mnunuzi asione chochote. Gari linalokosa nguvu ghafla kwenye barabara ya njia mbili, malori pande zote, linaweza kuua familia nzima. Kwa hiyo kujua sababu si suala la pesa peke yake.

Likikutokea, kwanza toka njiani. Indiketa ya kushoto, ushikilie usukani kwa nguvu maana utakuwa mzito, na usipige breki mara nyingi. Injini ikizima, msaada wa breki hubaki wa mkanyago mmoja au miwili. Weka pembetatu mbali. Kisha, kabla ya kuzima na kuwasha ovyo, tazama: taa gani imewaka? Mshale wa joto uko wapi? Ilizima au ilichoka? Mlima au tambarare? Ulijaza mafuta lini, wapi? Moshi ulikuwa rangi gani? Andika hata nyuma ya risiti. Mashine isomwe kabla misimbo haijafutwa, halafu fundi afuate moto, mafuta, hewa, moshi, na aulize kama kuna mtu amefunga kitu.

Nimeona madaftari mawili tu ya namba za mikonyezo yaliyosalia. Moja limeliwa na oili upande wa kulia hadi namba za arobaini hazisomeki. Mwenyewe anazijua zote kwa kichwa, na nilipomwomba azitamke aliacha kazi, akafuta mikono kwa tambara, akaanza moja moja huku nikiandika. Tulifika 31 mteja akaingia, gari lake likikohoa, na mzee akamgeukia na swali la kwanza.